Kuhamia Litumbandyosi: Mahali pa Kukaa na Hesabu ya Nyumba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetuagiza tuseme habari ya kuhama, na hasa habari ya wenzetu wanaokusudia kuacha mji na kwenda kukaa Litumbandyosi, katika Wilaya ya Mbinga, ama kwa sababu wamepelekwa huko kwa kazi, ama kwa sababu utumishi wao unakwisha nao wanatafuta mahali pa kutua mzigo. Jambo hili si geni katika vyama vya namna hii. Makarani waliounda chama chao Tanga mwaka 1922, pamoja na Bwana Martin Kayamba, walikuwa watumishi wa Serikali, na mtumishi wa Serikali wa siku zile, kama wa siku hizi, hupangiwa mahali asipopachagua. Lakini twaona ya kuwa siku ya kupumzika kazi ndiyo siku ya kwanza ambayo karani huchagua mwenyewe, na kwa kuwa hakuzoea kuchagua, huchagua kwa haraka.

Yafaa tujue kwanza ya kuwa nchi ile ni nchi ya watu waliozoea kuhama. Katika karne ya 19 Wamatengo walibanwa milimani na vita vya Wangoni, wakawa hodari wa kulima miteremko mikali kwa ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa mfano wa sega la nyuki, ambayo huyazuia maji ya mvua yasichukue udongo. Kila ukoo ulikuwa na ntambo wake, kipande cha mlima kilicho kati ya vijito viwili, na wazee waliokula pamoja katika sengu ndio walioamua mambo ya ardhi na ya watu. Baba akagawa ntambo kwa wanawe, wana wakagawa kwa wana wao, kahawa nayo ikashika sehemu iliyo njema. Mwisho kijana akajiona amebakiwa na upande ambao hata mbuzi hupita kwa uangalifu. Basi tangu miaka ya 1960 wengi walianza kushuka kwenda nchi ya miombo. Wengi wao hawakuhama kwa kukurupuka: mtu alitangulia akalima msimu mmoja au miwili huku akila chakula cha nyumbani, akaijua nchi, ndipo mke na watoto walipofuata.

Karani wa leo mara nyingi hufanya kinyume. Hupokea kiinua mgongo mwezi wa Septemba, hununua mabati mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Januari yuaulizia mahindi yauzwapo.

Kwa hiyo twaanza na habari ya mwezi. Mvua za Mbinga ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Aingiaye Januari huingia katika njaa ya mwaka, maghala yamepungua, bei imepanda, njia ni matope, na matofali hayachomeki. Aingiaye Juni hukuta mavuno, njia kavu, nyasi za kuezekea zimekomaa, na mafundi wa matofali wako kazini. Basi twasema wazi: hama Juni. Wenye watoto watatujibu ya kuwa shule hufunguliwa Januari, na maneno yao ni kweli. Dawa yake ni ile ile ya watu wa ntambo: mmoja atangulie Juni, wengine wafuate Desemba baada ya mitihani. Lakini hapo pana gharama ambayo wengi huisahau katika hesabu zao, maana kwa miezi sita nyumba moja huwa nyumba mbili, na kila moja ina jiko lake, sabuni yake, na nauli ya kuitazama nyingine. Asiyeiandika gharama hiyo ataikuta Oktoba, naye ameshika fedha ya mabati.

Sasa mahali. Mtu akisema ‘nimehamia Litumbandyosi’ hajasema bado anakaa wapi, kwa maana kata ni pana na kila kitongoji kina tabia yake. Litumbandyosi si mlimani kama Litembo. Miti ni miombo, joto ni zaidi, na mbu ni wengi zaidi. Lami itokayo Songea kwenda Mbinga na kushuka hata Mbamba Bay haipiti hapo. Basi anayetaka kiwanja aende kukiona mara mbili, mara moja Septemba na mara moja Februari. Septemba ataona kama kisima kina maji wakati wa kiangazi, na wanawake huchukua muda gani kwenda mtoni na kurudi. Februari ataona kama gari hufika, au kama mgonjwa hubebwa kwa pikipiki hata barabarani. Kiwanja kizuri cha Septemba chaweza kuwa kisiwa Februari. Twaomba pia kwamba mwenye kwenda kuona aende na mkewe, kwa maana mume hutazama mandhari na mke hutazama maji, na katika jambo hili macho ya mke ndiyo yenye hesabu.

Wengine huvutwa kukaa karibu na njia ya malori. Makaa ya mawe ya Ngaka yalianza kuchimbwa mwaka 2011, na tangu hapo upande ule umepata malori, vibarua, na wenye kupangisha vyumba. Kwa mwenye duka jambo hili ni faida. Kwa mpokea pensheni si lazima iwe faida, kwa kuwa kila penye watu wa mshahara, kuku na chumba hupanda bei pamoja nao, na pensheni haipandi kwa sababu lori limesimama mlangoni.

Katika habari ya ardhi tutasema kwa ukali kidogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imeweka ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji, lakini Halmashauri hiyo haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi pasipo kukubaliwa kwanza na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Maana yake ni hii: karatasi iliyotiwa saini na muuzaji, na balozi, na shahidi mmoja aliyekutwa kilabuni, si hati. Sisi tulioshika mafaili miaka thelathini, tuliokataa barua ya mtu kwa kukosa muhuri, twanunua shamba kwa karatasi ambayo tusingeipokea mezani! Mgeni aende kwa mtendaji wa kijiji mchana, aombe kwa maandishi, aseme atokako na anachotaka kufanya, asubiri mkutano, kisha afuate hakimiliki ya kimila. Aulize pia mpaka wa msitu na wa pori la wanyama uko wapi, na aonyeshwe kwa miguu, si kwa kidole. Kungoja mkutano huenda kukachukua miezi. Miezi hiyo akae nyumba ya kupanga, na kodi yake aiandike.

Sasa twaingia katika hesabu yenyewe, ambayo twajua ndiyo iliyowaleta wengi hapa.

Kosa kubwa la karani ni kuhesabu kwa mwezi. Amezoea mshahara wa mwezi, naye huigawa pensheni vivyo hivyo, akaona yatosha. Lakini kijiji hakiishi kwa mwezi, huishi kwa msimu. Wazee wetu waliokwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, ambao baada ya mwaka 1944 wengi waliandikwa na SILABU, walilijua jambo hili kwa taabu. Kadi yao ilikuwa na siku 30 za kazi, na mwezi wao ulikwisha kadi ilipojaa, si kalenda ilipogeuka. Siku ya ugonjwa na siku ya uvivu hazikuandikwa. Aliyehesabu kadi kama miezi alijiona tajiri wakati wa kuondoka kwao, na maskini wakati wa kurudi. Basi na sisi tuchukue pensheni ya miezi kumi na miwili tuiweke pamoja kwenye karatasi moja, kisha tuulize kila mwezi una kazi gani. Novemba una mbegu na mbolea, Januari una mahitaji madogomadogo ya shule na sare na palizi, Februari una chakula cha bei kubwa, Juni una magunia na vibarua wa kuvuna. Miezi mingine ni mitulivu, na fedha ya miezi mitulivu si ya kuchezea.

Chukua chakula. Tuseme nyumba ina watu sita. Sisi twahesabu gunia moja la kilo 100 kwa kila kichwa kwa mwaka, mkubwa na mdogo sawa, kwa maana anachosaza mtoto hukila mgeni. Hayo ni magunia sita ya mahindi. Hatutataja bei, kwa kuwa bei ya leo itakuwa imechakaa kabla karatasi hii haijawafikia. Lakini kila mmoja aandike bei mbili, ya Julai na ya Februari, aone mwenyewe tofauti yake kwa magunia sita. Mwaka wa kwanza, kabla ya kuvuna, magunia hayo yanunuliwe yote Julai. Na yakinunuliwa yalindwe. Mdudu dumuzi, aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye watu wa huko walimwita Scania kwa jinsi anavyosaga, hana heshima kwa mstaafu. Mahindi yakauke sana, yapukuchuliwe, yatiwe katika mifuko ile isiyopitisha hewa. Maharage hupatikana kwa wingi Mbinga, na usipa hutoka ziwani. Kwa hiyo kitoweo hakitamtisha mtu. Mafuta, sukari, sabuni na chumvi hutoka mbali, na kila kitoka mbali huongezewa nauli.

Shamba nalo lina gharama kabla halijatoa kitu. Eka moja ya mahindi hutaka mbegu ya kilo 8 hadi 10, mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia na mmoja wa kukuzia, kila mmoja kilo 50, pamoja na palizi mbili. Ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/23 ilimfikia mkulima aliyeandikwa katika daftari la kijiji. Kwa hiyo mgeni asiyejiandikisha kwa kuona haya hujilipisha faini mwenyewe. Ambaye hakushika jembe miaka thelathini aanze na eka mbili, asianze na kumi. Nyani na nguruwe mwitu hula eka kumi za asiye na walinzi kama kwamba walipandiwa wao.

Katika nyumba ya kujenga tuna neno moja tu. Tumewaona wenzetu waliojenga nyumba ya vyumba sita kwa watoto ambao wako Dar es Salaam na hawarudi, wakabaki na vyumba vitano vya popo na mfuko mtupu. Jenga vitatu, acha msingi.

Ugonjwa ndio mlango ambao fedha hutoka bila kubisha hodi. Anayeshuka kutoka nchi ya baridi ajue malaria itamtafuta yeye na watoto mwaka wa kwanza. Vyandarua vitangulie kabla ya viti. Maradhi madogo yana zahanati, lakini makubwa yataka Mbinga, au Litembo, au Peramiho. Basi weka kando nauli ya watu wawili, mgonjwa na mwuguzi wake, kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha wiki moja, wala fedha hiyo isiguswe kwa harusi. Kabla ya kuacha kazi, ikiwa ni kwa hiari miaka 55 au kwa lazima miaka 60, mtu aulize ofisini kwa maandishi ni nani katika nyumba yake atakayebaki ndani ya bima, na mizigo yake italipiwa hata wapi. Jibu la mdomo halisafiri mbali.

Jamaa twawasemaje? Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mstaafu ndiye mgeni na ndiye mwenyeji, na kila ajaye amesikia habari ya kiinua mgongo. Sisi twashauri fungu la jamaa liandikwe katika hesabu tangu mwanzo, kwa kiasi, kama lilivyoandikwa fungu la chumvi. Fungu likiisha, neno ‘limeisha’ ni neno la kweli, na mtu huweza kulisema bila kugombana.

Kuna aliyetuletea swali kwa maandishi: je, asiweke fedha yote katika kahawa, kwa kuwa kahawa ndiyo iliyoijenga Mbinga? Twajibu hivi. Ni kweli iliijenga. Lakini mche huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na katika miaka hiyo hula kama mtoto. Tena bei yake haipangwi Mbinga. Mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka duniani kote, na watu wa milimani ambao hawajapata hata kusikia habari ya mkutano ule walipunguza chumvi mezani. Tena kahawa ya Mbinga hupenda baridi ya milimani. Mwenye kukaa Litumbandyosi aulize kwanza kama kitongoji chake chaifaa, apate jibu kwa wakulima jirani na kwa bwana shamba, si kwa muuza miche. Akikuta yafaa, apande kiasi ambacho kikishindwa kuzaa miaka mitano, watoto wataendelea kula.

Katibu anazo karatasi za hesabu zenye safu kumi na mbili, moja kwa kila mwezi. Wanaotaka kwenda kuona viwanja Septemba wampe majina yao, na waseme kama wake zao au waume zao watafuatana nao.