Rangi Zinapogeuka Machoni



Leo nasema nanyi habari za rangi, na jinsi zinavyoweza kutuonya juu ya maradhi kabla hatujasikia maumivu yoyote.

Wako watu waliozaliwa hawawezi kupambanua nyekundu na kijani. Wengi wao ni wanaume. Wamerithi hali hiyo kwa wazazi. Ni sawasawa katika macho yote mawili, wala haizidi. Lakini mtu aliyezijua rangi zote tangu utoto, kisha ukubwani zikaanza kumchanganya, yampasa kushuku ugonjwa; nao waweza kuanzia jicho moja.

Ugonjwa mmoja ni mtoto wa jicho. Lenzi, iliyokuwa safi kama maji, huingia umanjano na kuzuia nuru ya buluu. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa alipatwa na ugonjwa huu, na picha zake zikaelekea wekundu na hudhurungi. Mwaka 1923 alipasuliwa jicho la kuume, akaanza kuona buluu tena.

Wa pili ni ugonjwa wa sukari. Huu huharibu mishipa midogo ya damu katika utando wa nyuma ya jicho, upokeao nuru. Mara nyingi buluu na manjano ndizo zinazopotea kwanza, pengine hata kabla daktari hajaona jeraha lolote ndani ya jicho. Basi mkulima wa Kirushya, au kwingineko Ngara na Biharamulo, aweza kuchuma kahawa nyekundu bila kukosea, akasema, "Macho yangu ni mazima". Kumbe akishika cherehani, uzi wa buluu na wa kijani humchanganya.

Jaribuni hivi: ziba jicho moja, tazama kitambaa chenye rangi nyingi mchana, kisha ziba la pili. Ukiona tofauti, nenda hospitali. Lakini hata asiyeona tofauti, akiwa na sukari, na apimwe macho kila mwaka kwa dawa ya kupanua mboni. Mtoto wa jicho huondolewa kwa kupasuliwa. Madhara ya sukari huzuiliwa kwa kutunza sukari na shinikizo la damu, na kwa matibabu ya mwali wa leza yakiwahi. Yakichelewa, nuru iliyopotea ni vigumu kurudi.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwaherini.