Kiu ya Zama za Barafu: Ushahidi wa Tope la Ziwa Victoria

Zikitajwa zama za barafu, wengi wetu huwaza nchi za kaskazini: Kanada na Skandinavia zikiwa chini ya barafu yenye unene wa kilomita nzima na zaidi, na bahari ikiwa imeshuka kwa takriban meta 120 kwa kuwa maji yake yameganda nchi kavu. Picha hiyo ni ya kweli, ila inatuacha nje sisi wa tropiki, na hatukuwa nje. Bahari iliposhuka, Unguja iliungana na bara, ilhali Pemba, iliyotengwa na mkondo wenye kina kirefu, ilibaki kisiwa. Barani ndani mambo yalikuwa makubwa zaidi. Hoja yangu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mwisho wa zama za barafu ulikuwa wakati wa kiu kuliko wa baridi, na kwamba ukame mkali kuliko wote wa kipindi hicho ulikuja barafu ya kaskazini ilipokuwa ikiyeyuka. Ushahidi wake mzito zaidi umelala chini ya Ziwa Victoria.

Miaka 80 iliyopita hoja hii isingesikilizwa. E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Jiolojia ya Uganda, na baadaye Louis Leakey nchini Kenya, waliona fukwe za kale zikiwa juu sana ya maji ya leo. Wakahitimisha kwamba barafu ilipotanda Ulaya, huku kwetu zilikuwa zikinyesha mvua za karne na karne. Vipindi hivyo vya mvua vilipewa majina yake, na Kongamano la kwanza la Historia ya Kale ya Afrika lilipokutana Nairobi mwaka 1947, mpangilio huo ndio uliotumika. Ilikuwa nadharia nadhifu, pengine nadhifu kupita kiasi, na haikuwa na tarehe hata moja ya kuitegemeza. Mwaka 1972 Karl Butzer, Glynn Isaac, Jonathan Richardson na Celia Washbourn-Kamau walichapisha umri wa fukwe za Nakuru, Elmenteita na Naivasha. Kwa hesabu ya kaboni-14, maji yalijaa kati ya miaka 10,000 na 8,000 hivi iliyopita, yaani Ulaya ilipokuwa imekwisha kupata joto. Fukwe alizoziona Leakey zipo, na macho yake hayakumdanganya. Kilichokosewa ni kupima wakati wa Bonde la Ufa kwa saa ya milima ya Alps.

Sasa tuje kwenye tope. Mwaka 1969 R. L. Kendall alichapisha uchambuzi wa mashapo ya Ghuba ya Pilkington, kaskazini mwa Ziwa Victoria. Chavua iliyohifadhiwa humo ilionyesha kwamba kabla ya misitu ya Uganda tunayoijua kulikuwa na nyasi, tena nyasi kwa wingi. Lakini ghuba ni pembe moja tu ya ziwa. Aliyetaka kubisha angeweza kusema kwamba maji yalirudi nyuma kidogo tu. Jibu lilipatikana miaka ya 1990, Thomas Johnson na wenzake walipopitisha mawimbi ya sauti chini ya ziwa, kisha wakadidimiza mabomba marefu na kutoa miche ya tope. Mche wa namna hiyo ukipasuliwa kwa urefu, sehemu ya juu ni tope laini lililojaa maji na maganda ya daiatomu, ule mwani wa majini usioonekana kwa macho. Halafu, kwa ghafla, kisu kinagota. Chini ya mpaka huo udongo ni mgumu na mkavu kuliko wa juu yake, una nyufa kama za mbuga ya udongo mweusi wakati wa kiangazi, na umepenywa na mizizi myembamba iliyosimama wima. Mizizi haioti chini ya meta 60 za maji. Nyasi ziliota pale, mahali penye kina kikubwa kuliko pote, na mawimbi ya sauti yanaonyesha uso huo mgumu ukiendelea chini ya ziwa zima. Tarehe za kaboni-14, zikisharekebishwa, zinaonyesha kwamba maji yalirudi kujaa karibu miaka 15,000 iliyopita.

Pingamizi la kwanza ni la ukubwa. Ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000 linawezaje kukauka? Swali hili linasahau kina. Ziwa Victoria ni pana mno lakini si refu kwenda chini: kina chake cha wastani ni meta 40, na penye kina zaidi hapazidi sana meta 80, wakati Tanganyika linafika meta 1,470. Tena karibu asilimia 80 ya maji yake huletwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kagera na mito mingine huongeza kidogo tu. Jua hurudisha angani karibu yote, na kinachobaki hutoka Jinja kwenda Misri. Ziwa la namna hii linaishi kwa tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa. Mvua za mwaka 1961 zilitosha kulipandisha kwa zaidi ya meta 2 kufikia mwaka 1964. Geuza hesabu: njia ya kutokea ikishafungwa, upungufu wa sentimeta 10 kwa mwaka unamaliza kina cha wastani cha meta 40 katika miaka 400. Ni hesabu ya juu juu, kwa sababu ziwa likipungua upana hata mvukizo hupungua, lakini inaonyesha kwamba hatuhitaji muujiza. Mvua ipungue kiasi, na ibaki hivyo kwa karne kadhaa.

Pingamizi la pili ni la mwanafizikia, na nalipenda zaidi. Baridi hupunguza mvukizo. Basi zama za baridi zilipaswa kujaza maziwa, kama zilivyojaza Ziwa Bonneville huko Utah, Marekani. Kemia ya mashapo ya Nyasa na Tanganyika inaonyesha kwamba maji yalikuwa na baridi zaidi kwa takriban nyuzi 3 hadi 4. Lakini baridi hiyohiyo huipokonya hewa uwezo wa kubeba mvuke: kila nyuzi moja ikishuka, mvuke hupungua kwa karibu asilimia 7. Bonneville lilifaidika kwa sababu barafu ya Amerika Kaskazini ilizisukuma dhoruba kusini zikapita juu yake. Sisi hatukusukumiwa kitu. Milima yetu inasema hivyohivyo, ingawa mwanzoni inaonekana kupinga. Barafu ya Rwenzori ilishuka hadi karibu na Ziwa Mahoma, na matuta ya mawe iliyoyaacha yana umri wa kati ya miaka 23,000 na 20,000 hivi. Barafu hukua theluji ikidumu, si lazima theluji iwe nyingi. Mlima wenye baridi kali unaweza kuitunza theluji haba kwa miaka mingi, wakati huko chini nyanda zinakauka.

Pingamizi lililopiganiwa kwa jasho kuliko yote limetoka kwa samaki. Ziwa Victoria lina spishi 500 hivi za furu, kama wavuvi wa Mwanza wanavyowaita, ambazo hazipatikani kwingine. Geoffrey Fryer, mwanabiolojia Mwingereza aliyewajua samaki wa maziwa haya kwa miaka mingi, alikataa kwamba spishi zote hizo zingeweza kutokea ndani ya miaka 15,000. Kwake, samaki wenyewe walikuwa ushahidi kwamba ziwa halikukauka kabisa. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Lakini ilidhania kwamba kila tofauti ya kijeni lazima izaliwe upya ziwani. Utafiti wa jenomu uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba furu hawa wametokana na mchanganyiko wa koo mbili za kale, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa Nile ya juu. Tofauti zilikuwapo tayari kwenye mito na maziwa ya jirani. Ziwa lilipojaa, zilipangwa upya kwa kasi. Mwaka 2023 Nare Ngoepe na wenzake walieleza meno ya samaki waliyoyatoa kwenye tope la ziwa hilo, tabaka kwa tabaka: samaki wa jamii mbalimbali waliingia mapema maji yaliporudi, ila furu ndio waliogawanyika spishi kwa mamia. Kwa maoni yangu samaki wameacha kuwa pingamizi. Wamekuwa kipimo cha jinsi mageuzi yanavyoweza kwenda mbio.

Kinachobaki kunisumbua ni tarehe. Kilele cha baridi kilikuwa miaka kama 21,000 iliyopita, lakini udongo wa chini ya Ziwa Victoria unaonyesha ukavu mkali kati ya miaka 18,000 na 15,000 iliyopita. Je, barafu ina hatia gani kwa jambo lililotokea ilipokuwa ikipungua? Hapa tunalazimika kutazama Atlantiki. Katika kipindi kinachoitwa tukio la Heinrich la kwanza, milima ya barafu ilimeguka kwa wingi ikaelea Atlantiki ya Kaskazini, ikayeyuka, na maji yake baridi yasiyo na chumvi yakadhoofisha mzunguko wa bahari unaosafirisha joto kwenda kaskazini. Ukanda wa mvua za tropiki ulivurugika. Curt Stager na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba ukame huo uliikumba Afrika na kuvuka hadi Asia ya monsuni. Ziwa Tana la Ethiopia, chanzo cha Nile ya Buluu, lilikauka wakati huohuo. Nile basi ilipoteza vyanzo vyake viwili vikuu kwa pamoja, jambo ambalo baridi ya mahali pamoja haiwezi kulieleza.

Kuna atakayenikumbusha Ziwa Nyasa, na ana haki. Miche mirefu iliyochimbwa huko mwaka 2005 inaonyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita maji yalishuka mara kadhaa kwa zaidi ya meta 500, ukame unaozidi wowote wa kilele cha barafu. Huo ulitokana hasa na kuyumba kwa mhimili wa dunia, kunakobadili ni majira gani ardhi ya tropiki inapata jua kali. Kwa hiyo barafu si mkono pekee unaofunga bomba la mvua zetu, na sitadai hivyo. Mashapo ya Ziwa Victoria yana unene wa takriban meta 60, na ndani yake mawimbi ya sauti huonyesha nyuso nyingine ngumu chini ya ile ya miaka 15,000. Nyuso hizo zikipewa umri na zikaangukia nyakati barafu ya kaskazini ilipokuwa ikivunjika, hoja yangu itasimama kwa zaidi ya tukio moja. Zikifuata kuyumba kwa mhimili, itabidi niipunguze iwe maelezo ya ukame mmoja tu, huo wa mwisho.