Gari Halijauzwa Hadi Jina Limebadilika

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri na wamiliki wa vyombo vya moto



Wapo wanaofika katika ofisi zetu wakiomba kubadilishiwa jina kwenye kadi ya gari. Halmashauri haina mamlaka hayo. Usajili wa vyombo vya moto na uhamisho wa umiliki hufanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Wajibu wetu leo ni kuwaelekeza.

Tumezoea kuuziana kwa kukabidhiana fedha, ufunguo na kadi, kisha kila mtu akashika njia yake. Lakini kadi hiyo bado ina jina la muuzaji. Chombo kikigonga mtu na dereva akatoroka, au kikikamatwa na mali ya wizi, polisi wataanza kumtafuta mwenye jina.

Mnunuzi naye hayuko salama. Muuzaji akifariki dunia, gari lililo katika jina lake litahesabiwa miongoni mwa mali za marehemu. Mnunuzi atalazimika kusubiri mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na warithi wasiposadiki kuwa gari liliuzwa, ataingia katika mgogoro. Ni zaidi ya hapo kwa pikipiki iliyopita mikono mitatu bila kubadilishwa jina.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba kadi halisi na ulinganishe namba ya chasisi na ya injini na zile zilizomo kwenye chombo. Hakikisha anayeuza ndiye mwenye jina. Uliza kama chombo kimewekwa dhamana ya mkopo, na uangalie kama kina faini za barabarani ambazo hazijalipwa.

Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, wenye bei halisi, tarehe na saa ya makabidhiano. Msishawishike kuandika bei pungufu ili kukwepa ushuru: siku ya kudaiana, mtabaki na ushahidi wa ile bei iliyoandikwa.

Kisha nendeni TRA mkiwa na kadi halisi, mkataba, vitambulisho na namba za mlipakodi za pande zote mbili. Mtalipa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya thamani. Ushuru huo hulipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba kutiwa saini, msizipitishe. Namba ya gari haibadiliki. Kinachobadilika ni jina la mmiliki. Mnunuzi asisahau pia kampuni ya bima, kwa kuwa bima iliyopo ilikatwa kwa jina la muuzaji.

Nawe muuzaji, usimwachie mnunuzi kazi hiyo peke yake. Dai nakala ya kadi mpya na uitunze. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.