Dhahabu ya Chunya, Mrabaha na Shilingi Mpya



Niliombwa nizungumzie kodi. Nitaanza na dhahabu, maana hapa Makongolosi, wilayani Chunya, mtu huijua dhahabu kabla hajaijua Mamlaka ya Mapato (TRA).

Tuseme umeuza dhahabu ya shilingi milioni 10 katika soko la madini Chunya. Kwa viwango vya kawaida vya mwaka 2024/25, mrabaha wa asilimia 6 ni shilingi 600,000, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni 100,000, na ushuru wa huduma wa asilimia 0.3, unaokwenda halmashauri, ni 30,000. Jumla 730,000, ukiacha kodi ya mapato. Wapo watakaoguna. Lakini kabla ya 2019, mchimbaji mdogo alidaiwa pia VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, akaona heri auze gizani. Kodi hizo mbili zilipoondolewa na masoko yakafunguliwa, dhahabu ilianza kupita mezani. Ukipandisha kiwango bila kumtazama mlipaji, unabaki na kiwango tu.

Sasa tuigeukie Benki Kuu (BoT), ambayo nayo hununua dhahabu. Chini ya kifungu cha 59 cha Sheria ya Madini, sehemu ya dhahabu, angalau asilimia 20, hutengwa ili isafishwe na kuuzwa hapa nchini. BoT huinunua kwa shilingi, na kwa dhahabu inayopitia njia hiyo mrabaha umeshushwa hadi asilimia 4. Shilingi hizo BoT inazitoa wapi? Haiendi kuomba TRA. Inaandika tarakimu katika akaunti ya benki ya muuzaji, na fedha ambayo jana haikuwepo leo ipo. Mashine ya noti haikuguswa.

Kama ni rahisi hivyo, sisi tunatozwa za nini? Swali hilo ni halali, na jibu lake liko kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe inayokunywa dizeli. Shilingi mpya haileti dizeli mpya. Dizeli hutoka nje na hununuliwa kwa dola. Serikali ya Tanzania haiwezi kuishiwa shilingi, ila nchi inaweza kuishiwa vitu vya kununua kwa shilingi hizo. Tuliyaona baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979: akiba ya fedha za kigeni imekauka, mashirika ya umma yanaendeshwa kwa mikopo ya benki, na katika miaka ya 1980 mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 30 kwa mwaka. Waliopanga foleni ya sabuni hawahitaji mada yangu. Ndiyo maana Sheria ya Benki Kuu ya 2006 inaweka kikomo cha mkopo ambao Serikali inaweza kuchukua BoT, kikipimwa kwa mapato ya mwaka uliotangulia. Ununuzi wa dhahabu ni afadhali, kwani benki hubaki na mali, lakini shilingi zikizidi sokoni inabidi izivute tena kwa kuuza dhamana.

Kodi, basi, hupunguza fedha mikononi mwetu ili Serikali inunue bila kugombania bei nasi. Tena huifanya fedha itafutwe. Wakoloni walilijua hilo: Wajerumani walipoanza kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, walitaka rupia na pia mikono ya kazi. Katika miaka ya 1930 vijana wengi wa Rungwe walikuja hapa kwenye machimbo ya Lupa kuchimba, na sehemu ya ujira ikarudi nyumbani kulipa kodi.

Hata hivyo kodi haitoshi: bajeti ya Serikali ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na mapato ya ndani yalikadiriwa trilioni 34.61. Pengo lilitegemea mikopo na misaada. Serikali kuu, kule Dodoma, ina njia nyingi za kuziba pengo.

Lakini Halmashauri ya Chunya haina Benki Kuu. Haiwezi kuandika tarakimu ikalipa fundi wa zahanati, na kila shilingi yake ni ya kukusanywa au kupewa. Anayekwepa soko huipunja Dodoma shilingi nyingi zaidi, lakini anayeumia zaidi ni Chunya. Nami naomba ofisi za kata zibandike kila mwezi, ukutani, jumla ya ushuru wa huduma uliotoka kwenye dhahabu na kazi iliyofanywa nayo, ili tuanze kubishana kwa hesabu.