Stima ni ya Nani, na Nani Anaisimamia?

(Maelezo ya afisa wa idara ya kawi ya kaunti kwa wakazi, katika baraza la wadi)



Kila baraza tunaulizwa: mbona kaunti haipunguzi bei ya tokeni? Nitasema wazi: kaunti haipangi bei ya stima.

Kenya Power ni ya umma, lakini si yote. Serikali ya kitaifa ina asilimia 50.1 ya hisa. Zilizobaki ni za watu binafsi na mashirika, na huuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Kwa hiyo bodi ina mabwana wawili: serikali inayotaka stima ifike hata pasipo faida, na wenye hisa wanaongoja gawio. Kupeleka stima mashambani ni kazi ya shirika jingine la serikali, REREC.

Bei huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi. Kenya Power huomba, EPRA huita vikao vya umma, kisha huamua. Bei za msingi zilizoanza Aprili 2023 zilipitia vikao hivyo. Watu wachache mno huhudhuria, nasi tunalalamika baadaye. Ila ada ya mafuta na ya ubadilishaji wa fedha za kigeni hurekebishwa kila mwezi bila kikao, na huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ndiyo maana shilingi 500 za mwezi huu huenda zisikupe yuniti za mwezi uliopita.

Ukiwa na malalamiko, anza na Kenya Power na uhifadhi nambari ya malalamiko. Bila hiyo utarudishwa. Usiporidhika, nenda EPRA. Uamuzi wa EPRA nao unaweza kukatiwa rufaa katika Jopo la Kawi na Petroli. Hesabu za kampuni hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na wakuu wake huitwa Bungeni kujibu maswali.

Sasa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limetupa sehemu katika usambazaji wa stima na gesi, na Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri. Hapo hatuna wa kumsingizia. Leteni maoni ofisi ya wadi: jina la kijiji, nyumba zisizo na stima, na umbali hadi transfoma ya karibu.