Gari Likichemsha Usagara

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko haipo tena. Zile kilomita 3 juu ya ziwa unazimaliza kabla hujamaliza soda. Lakini zamani foleni ilipumzisha injini. Siku hizi mtu anatoka Sengerema mpaka Mwanza mjini bila kusimama, na geji ya joto haitazami.

Mshale ukipanda, zima kiyoyozi, egesha pembeni, zima injini. Usifungue mfuniko wa rejeta! Mimi ninayo alama mkononi, nilifungua hapo Usagara njiapanda kwa haraka zangu, mvuke ukanirukia. Subiri nusu saa, kisha funika kwa kitambaa kinene, zungusha taratibu. Kagua mipira, mkanda na feni. Ukijazia maji ya ziwa, yatakufikisha gereji, basi. Ndani ya rejeta huacha tope na kutu, kwa hiyo urudishe kulanti. Na oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, gasketi imekwenda. Vuta gari, usiliwashe.

Sasa bima. Wengi wanadhani italipa injini iliyoungua. Bima ndogo hulipa madhara uliyomfanyia mwingine, gari lako hapana. Hata bima kubwa kwa kawaida hailipi uchakavu wala ubovu wa injini; inahusu ajali, moto, wizi. Stika ya bima nayo ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, siku ileile unayolipia, ukiwa bado dirishani kwa wakala.