Kamshafti Ikilika, Tuulize Kwanza Sababu



Jenereta inapopungua nguvu na kugonga huku juu kwenye valvu, ombi linalofuata huwa ni fedha za kamshafti na tapeti mpya. Tunawasihi msinunue kabla chanzo hakijajulikana, maana hizo mpya nazo zitalika.

Jenereta ya mizunguko 1,500 kwa dakika huzungusha kamshafti yake mara 750. Basi kila nundu ya kamshafti hukandamiza tapeti mara 45,000 kwa saa moja, na kati yao pana utando mwembamba tu wa oili. Ngozi ngumu ya chuma ikibanduka, chembe zake huchanganyika na oili na kufika hata kwenye beringi.

Mwambieni fundi aipasue filta mbele yenu, mwone kama ina chembe za chuma. Uso wa tapeti bapa iliyo nzima huwa umetuna kidogo sana, ili izunguke mahali pake. Mkikuta kibonyeo au vishimo, imekwisha. Anuse oili pia: ikinuka dizeli, huenda noseli inavuja na oili imekuwa nyepesi mno. Halafu apime nafasi za valvu, na mtazame kopo la oili yenyewe. Oili ya magari madogo ya petroli (hapa ndipo wengi hubana matumizi) mara nyingi ina zinki na fosforasi kidogo, navyo ndivyo vinavyolinda tapeti.

Tapeti za zamani zisirudishwe kwenye kamshafti mpya. Na gharama ya oili na filta tunaomba iandikwe katika bajeti ya mwaka, mstari mmoja na dizeli.